Vitunguu vilivyohukumiwa kwa kadi: kisa cha mabaki ya viuatilifu katika jiko la shule moja Mwanza

Mazingira ya kisa

Shule inayohusika ni ya bweni, iko mkoani Mwanza, si mbali na ziwa. Jina lake, kata, idadi ya wanafunzi, wazabuni na maabara iliyopima nimeviondoa. Kilichobaki ni mwenendo wa jambo lenyewe. Nauandika kwa sababu naona kosa lilelile likirudiwa kwenye majiko mengine: watu wanapima kwanza, kisha ndipo wanajiuliza walikuwa wanatafuta nini.

Mboga za shule hii zilikuja kwa njia tatu. Nyanya zililetwa na mkulima wa umwagiliaji kutoka wilaya jirani, kwa matenga. Vitunguu vilitoka kwa mzabuni wa sokoni aliyekuwa akivinunua kwa magunia kutoka mikoa ya kati. Mchicha na chainizi vilitoka kwa wakulima wadogo wanaolima bondeni karibu na ziwa. Wanafunga mafungu alfajiri na kabla ya saa mbili asubuhi yapo jikoni. Kila mtu shuleni aliusifu mchicha huo. Ulikuwa na majani mapana, kijani kibichi, bila tundu hata moja.

Watu wa kanda hii si wageni wa habari za sumu kwenye chakula. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda kwa hofu kwamba kulikuwa na watu wanaovua kwa kumwaga viuatilifu majini. Viwanda vya minofu vilitikisika na maelfu ya familia zikaonja ukali wake. Leo Nyegezi kuna maabara ya taifa ya ubora wa samaki, na minofu ya sangara haiendi Ulaya bila karatasi. Mchicha unaoliwa Mwanza hauna mnunuzi wa kudai karatasi. Hilo linaniuma, kwa sababu mtoto wa bweni anakula mboga hizo karibu kila siku ya muhula na hana nafasi ya kuchagua.

Kilichotokea

Asubuhi moja mtunza stoo alifungua matenga ya nyanya akakuta zimepakwa kitu kama unga mweupe, hasa karibu na kikonyo. Akapiga picha. Kabla ya chakula cha mchana picha ilikuwa imefika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi ikiwa na maneno kwamba watoto wanalishwa nyanya zenye sumu. Simu zilimiminika ofisini kwa mkuu wa shule. Akaamuru nyanya zisitumike, na kwa tahadhari akasimamisha malipo ya wazabuni wote wa mboga hadi vipimo vifanyike.

Mjumbe mmoja wa bodi alifahamiana na mtu mwenye kadi za kupimia haraka mabaki ya viuatilifu. Kadi zililetwa siku ileile. Kwa anayezijua, ni kitu rahisi: kipande kimoja kina kolinesterasi, kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali) kinachohitajika na mishipa ya fahamu, kingine kina kemikali ambayo kimeng'enya hicho kikiivunja hutoa rangi ya buluu. Unadondosha maji yaliyooshea mboga upande wa kimeng'enya, unasubiri kama dakika kumi, unakunja kadi vipande viwili vigusane, unaishika kwa joto la mwili dakika chache. Ikigeuka buluu, kimeng'enya kimefanya kazi. Ikibaki nyeupe, kuna kitu kimekizuia. Viuatilifu vya makundi ya oganofosfeti na kabamati huzuia kimeng'enya hiki, na kwa kukizuia ndivyo vinavyoua wadudu na kudhuru mishipa ya fahamu ya binadamu.

Nyanya zilipimwa kwa kudondosha matone ya maji kwenye ganda lake, zikiwa nzima. Kadi ikawa buluu. Mchicha ulikatwakatwa ukatikiswa kwenye maji. Kadi ikatoa rangi iliyochanganyika na kijani, wakakubaliana kwamba hiyo ni buluu. Vitunguu vilikatwa vipande vidogo, vikalowekwa, maji yakadondoshwa. Kadi ikabaki nyeupe kabisa. Wakarudia. Nyeupe tena.

Jioni hiyo nyanya zilirudishwa jikoni na mzabuni wa vitunguu akapigiwa simu kwamba zabuni yake imesitishwa. Taarifa ikapelekwa kwenye kundi la wazazi: sumu imepatikana, ilikuwa kwenye vitunguu. Siku chache baadaye mzabuni huyo akaanza kukosa wateja hata sokoni, maana wazazi wengine ndio walewale wanaonunua kwake.

Uamuzi wa kwenda maabara, na sababu zake

Niliitwa na mkuu wa shule baada ya mzabuni kuandika barua ya kulalamika. Mkuu alitaka nithibitishe majibu ya kadi. Nilimwomba kwanza aniletee pakiti ya kadi, karatasi ya maelekezo, na mtu aliyepima.

Mambo mawili yalinifanya nisite. La kwanza ni kitunguu chenyewe. Vitunguu maji na vitunguu saumu vina kemikali za asili zenye salfa, zile zinazokutoa machozi, na zikichanganyika na maji ya kupimia zinaweza kukizuia kimeng'enya bila kuwepo kiuatilifu chochote. Ndiyo maana maelekezo ya kadi za aina hii huonya juu ya kitunguu, saumu, figili, uyoga na hata maji ya nyanya, na kutaka zao hilo lipimwe zima, kwa juujuu, bila kukatwa. Vitunguu vya shule vilikatwa. Nyanya hazikukatwa. Kwa hiyo mazao mawili yalipimwa kwa njia mbili tofauti kisha majibu yakalinganishwa kana kwamba njia ilikuwa moja.

La pili ni ule unga mweupe uliowasha moto wote huu. Kwa wakulima wa nyanya, unga wa aina hiyo mara nyingi ni mabaki ya mankozebu, dawa ya ukungu inayopulizwa sana wakati wa mvua. Mankozebu ni ya kundi la dithiokabamati, ambalo si lile la kabamati. Kadi ya kolinesterasi haikutengenezwa kwa ajili yake. Kwa hiyo kadi kuwa buluu kwenye nyanya haikusema lolote juu ya kile ambacho watu walikuwa wanakiogopa. Na haikusema lolote juu ya dawa za wadudu za makundi mengine, yaani pirethroidi na jamii ya imidaklopridi, ambazo ni sehemu kubwa ya zinazouzwa kwenye maduka ya pembejeo.

Nilishauri sampuli zipelekwe maabara, nikashauri zichukuliwe upya. Zile zilizokuwa kwenye friji ya jiko zilikuwa zimeoshwa, na nyanya nyingine zilikuwa zimesagwa tayari kwa mashine ya juisi. Nyanya iliyosagwa haifai kabisa kupimwa mankozebu: kemikali hiyo ikikutana na maji ya tunda huanza kuvunjika mara moja, na maabara itapata kidogo kuliko kilichokuwepo.

Kwa kuwa mzigo wa nyanya ulikuwa umebaki, tulichukua nyanya kutoka juu, katikati na chini ya matenga, zaidi ya kumi na zenye uzito wa zaidi ya kilo moja, kama mwongozo wa mwaka 1999 wa Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, unavyotaka kwa mazao ya ukubwa huo. Vitunguu vilichukuliwa kwa kanuni hiyohiyo kutoka magunia tofauti. Mchicha ulichukuliwa kutoka mzigo wa asubuhi iliyofuata. Hatukuosha, hatukufuta, hatukukata. Kila sampuli iliingia kwenye mfuko mpya, ikapewa namba, ikagawanywa ili nusu ibaki kama akiba, mzabuni na mwakilishi wa shule wakatia saini kwenye lakiri. Kisha boksi lenye barafu likasafirishwa kwa basi. Bodi ililalamikia gharama. Niliwaambia kwamba kumwondolea mtu riziki kwa kadi moja kuna gharama yake pia, ila anayeilipa hayupo kwenye kikao.

Ombi letu kwa maabara halikuwa "pimeni sumu". Tuliandika mazao, tukaandika dawa tulizoambiwa na wakulima, na tukaomba vipimo viwili: kimoja cha viuatilifu vingi kwa pamoja, kingine cha dithiokabamati peke yake.

Kipimo cha viuatilifu vingi hutumia njia ya QuEChERS, iliyotangazwa mwaka 2003 na kuenea duniani. Katika umbo lake la mwanzo, gramu 10 za zao lililosagwa hutikiswa na mililita 10 za asetonitrili, kisha huongezwa gramu 4 za magnesi salfeti kavu na gramu 1 ya chumvi ya kawaida, ambazo hutenganisha maji na asetonitrili iliyobeba viuatilifu. Kimiminika cha juu husafishwa na kupimwa kwa mashine za kromatografia zilizounganishwa na kipima-uzito wa molekuli. Njia hii hukamata mamia ya kemikali kwa mara moja, lakini mankozebu haimo. Hiyo hupimwa kwa kulichemsha zao kwenye asidi pamoja na kloridi ya bati hadi itoe kaboni disalfaidi, na gesi hiyo ndiyo inayohesabiwa. Asiyeomba kipimo cha pili hapati jibu lake, hata alipie mashine ya gharama namna gani.

Majibu

Nyanya zilikuwa na mankozebu, kama unga ulivyoonyesha, lakini chini ya kiwango cha juu kinachoruhusiwa. Vilevile zilikuwa na dalili ndogo za dawa mbili za wadudu, zote chini ya kiwango.

Vitunguu havikuwa na oganofosfeti wala kabamati yoyote kati ya zilizopimwa. Kipimo cha kaboni disalfaidi kilionyesha kiasi kidogo, na hapa maabara ilifanya kazi ya kiungwana: iliandika pembeni kwamba jamii ya vitunguu, sawa na jamii ya kabichi, hutoa kaboni disalfaidi ya asili ikichemshwa kwenye asidi, hivyo jibu hilo halithibitishi kuwepo kwa mankozebu. Kitunguu kilikuwa tayari kimewapotosha watu kwenye kadi. Bila maelezo yale kingewapotosha tena kwenye karatasi ya maabara.

Mchicha ndio uliokuwa na tatizo. Ulikutwa na klorpirifosi juu ya kiwango kilichotumika kulinganishia, hata baada ya kuzingatia shaka ya kipimo (kosa dogo linaloweza kuwemo katika upimaji wowote), pamoja na lambda-sihalothrini, dawa ya wadudu ya kundi la pirethroidi, chini ya kiwango. Klorpirifosi ni oganofosfeti. Umoja wa Ulaya uliiondoa sokoni mwaka 2020, na mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm, unaohusu kemikali sumu zinazodumu kwenye mazingira, ziliiweka kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa duniani, pamoja na misamaha kadhaa ya muda.

Kwa nini kadi haikuiona? Klorpirifosi ikiwa kama ilivyotoka kwenye kopo inazuia kimeng'enya kwa unyonge. Mwilini ini huibadilisha kuwa umbo lingine, okisoni, na hilo ndilo linalofunga kolinesterasi kwa nguvu. Kadi haina ini. Juu ya hapo, maji ya mchicha yalikuwa ya kijani, na kijani juu ya nyeupe huweza kuonekana kama buluu kwa mtu anayetamani kuiona buluu.

Bondeni

Mchicha uliopimwa ulikuwa wa mafungu yaliyochanganywa kutoka bustani tatu. Tusingeweza kusema kosa ni la nani, na mkulima wa kwanza tuliyemfuata alituambia hivyo bila kupepesa: "Mmepima mchicha wa watu wote, mnakuja kunishika mimi?" Alikuwa na haki. Tukakubaliana naye na wenzake kwamba tutachukua sampuli mpya, kila bustani kivyake, wenyewe wakiwepo, pamoja na afisa ugani wa kata.

Kabla hata ya majibu, mazungumzo yalitosha kuonyesha njia. Mama mmoja alileta dawa yake ikiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Alikuwa ameinunua kwa kupimiwa, kutoka kopo kubwa, na aliambiwa tu kwamba ni ya pamba na inaua kweli. Chupa haikuwa na lebo: hakuna jina la kemikali, hakuna utepe wa rangi unaoonyesha ukali, hakuna siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Alipiga dawa jioni kwa sababu viwavi walikuwa wameanza kutoboa, akavuna keshokutwa alfajiri. "Baba, mchicha wenye matundu nitampelekea nani? Wapishi wenu wenyewe wanaukataa," alinijibu.

Katika ukanda huu wa Usukuma, pamba na mboga pengine hukaa shamba moja, na dawa ya zao moja huhamia kwa jingine kwa urahisi. Pamba haiwekwi mezani. Mchicha unavunwa wiki tatu hadi nne baada ya kupandwa, ukiwa jani tupu, lenye eneo kubwa la kupokea dawa kwa kila gramu. Dawa yenye siku kumi na nne za kusubiri haiwezi kutumika kwenye zao hilo wiki ya mwisho, hata mkulima awe mwaminifu kiasi gani.

Majibu ya bustani moja moja yalithibitisha klorpirifosi kwenye mbili kati ya tatu.

Matokeo

Mzabuni wa vitunguu alirudishwa na shule ikamwandikia barua ya kumsafisha, ambayo mkuu aliituma kwenye kundi lilelile la wazazi. Wateja wake wa sokoni hawakurudi wote. Mkulima wa nyanya aliendelea, kwa sharti la kuonyesha daftari la kupulizia: tarehe, jina la dawa, kipimo kwenye bomba, tarehe ya kuvuna. Jiko nalo likaanza kuosha nyanya kwa maji yanayotiririka, kuzisugua kwa mkono na kukata kikonyo kabla ya kupika. Kwa mankozebu hatua hiyo ina maana ya pekee, kwa sababu inakaa juu ya ganda, na ikipikwa hubadilika kuwa ethilinithiourea, ambayo huathiri tezi la shingoni.

Wakulima wa mchicha hawakufukuzwa. Bodi iligawanyika juu ya hili, na wapo waliotaka wapelekwe kwenye mamlaka mara moja. Tanzania ina sheria ya afya ya mimea ya mwaka 2020 na mamlaka yake ya viuatilifu, makao makuu Arusha, na taarifa juu ya dawa zinazouzwa kwenye chupa zisizo na lebo ilifikishwa kwa wahusika kupitia afisa ugani. Lakini kuwafukuza wakulima kungewapeleka tu kuuza mchicha uleule soko lingine. Walibaki kwa masharti: dawa iliyofunguliwa mbele yao ikiwa na lebo, vitalu vigawanywe ili kinachopigwa dawa kisivunwe wiki hiyo, na kwa viwavi watumie dawa ya bakteria au mwarobaini. Shule kwa upande wake ilikubali kwa maandishi kupokea mchicha wenye matundu machache. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililobadilisha mambo kuliko sharti jingine lolote.

Sampuli za marudio hazikuonyesha klorpirifosi juu ya kiwango cha chini ambacho maabara inaweza kukihesabu. Lambda-sihalothrini ilikuwepo kidogo kwenye bustani moja, chini ya kiwango.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri ni sampuli. Kuchukua upya, kutoosha, kutokata, kuweka akiba, kutia saini na mzabuni akiwepo: hayo ndiyo yaliyofanya mzabuni na wakulima wayakubali majibu. Palipokosekana, yaani kwenye mchicha uliochanganywa, mabishano yalizuka papo hapo na ikabidi kulipia vipimo mara ya pili.

Kilichoshindikana kilianzia kabla ya kadi. Jicho lilichagua mtuhumiwa. Nyanya zilishukiwa kwa sababu dawa yake inaonekana, mchicha ukasifiwa kwa sababu ya uzuri uliotokana na dawa isiyoonekana. Kisha kadi ikapewa kazi isiyo yake. Nimesikia watu wakisema kadi hizi hazifai. Sikubaliani nao. Zinafaa kwa kupepeta mazao mengi haraka pale unapotafuta oganofosfeti na kabamati zinazozuia kimeng'enya moja kwa moja, kwa zao lisiloingilia kipimo, na kila mara kukiwa na kadi ya ulinganisho iliyodondoshewa maji safi. Kimeng'enya ni protini na joto hukiua: pakiti iliyokaa ndani ya gari juani Mwanza saa saba mchana inaweza kugeuza kila kitu kuwa "sumu". Siku ile hakuna aliyepima maji safi.

Jambo jingine lililopotoka ni maana ya kiwango. Kwenye kundi la wazazi "juu ya kiwango" ilisomwa kama "mtoto amewekewa sumu", na "chini ya kiwango" kama "hakuna dawa". Kiwango cha juu cha mabaki huwekwa kwa kuangalia kiasi kinachobaki shambani dawa ikitumika kwa usahihi, kisha hukaguliwa dhidi ya ulaji wa watu kuona kama ni salama. Kukivuka mara nyingi ni ishara kwamba dawa ilitumika vibaya. Athari kwa mlaji huhesabiwa kivyake, kwa uzito wa mwili na kiasi kinacholiwa. Shule ilipaswa kuwaeleza wazazi hivyo tangu taarifa ya kwanza, tena kwa kutaja zao na kemikali, si neno "sumu" peke yake.

Utaratibu wa shule sasa ni huu: mzabuni mpya wa mboga za majani huleta daftari la kupulizia kabla ya mzigo wa kwanza, sampuli huenda maabara mwanzoni mwa muhula bila kutangazwa tarehe, na orodha ya dawa zinazotumika bondeni huambatanishwa na ombi. Kadi zimebaki kabatini kwa matumizi ya katikati ya muhula, na mtunza stoo amebandika karatasi juu ya boksi: pima maji safi kwanza, vitunguu na saumu visipimwe kwa kadi, kadi buluu kwenye mchicha haimaanishi hakuna klorpirifosi.